Kofia ya Bibi Hannah na Mbeleko ya Mama

Jumatatu, 24 Februari

Leo nimedanganya kanisani. Si ndani kabisa, ni ukumbini kule nyuma, kwa hiyo nadhani haihesabiki.

Kikao cha kamati ya Sikukuu ya Mtakatifu Daudi, msimamizi wetu sisi wa Wales. Mvua. Biskuti zilizolegea. Mchungaji Ithel alitangaza kwamba mwaka huu mambo yamebadilika. Bi Heledd wa makumbusho atakuja Alhamisi kuangalia mavazi ya kale ya familia za Abergelyn. Familia yenye vazi lenye historia ya kweli ndiyo itakayoongoza maandamano Jumamosi, na mzee wao atapanda kigari cha farasi.

Watu wote wakageuka kumtazama Tegwen Rosser. Jirani yangu! Tegwen mwenye kofia ndefu nyeusi ya ukoo wao, shali nyekundu, aproni ya mistari, na uso wa mtu anayesubiri kupigwa picha. Akina Rosser wameongoza maandamano tangu mimi nikiwa na nywele. Akasema, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba labda mwaka huu apewe nafasi mwingine. Kama yupo.

Akanitazama mimi. Kisha akavitazama viatu vyangu.

Nikasimama. Nikasikia sauti ikisema kwamba akina Pugh wanayo kofia ya Bibi Hannah, bibi yake Mama, na kwamba ni kongwe kuliko jengo hili. Sauti ilikuwa yangu.

Kimya. Kimya kitamu! Nilikifurahia mpaka getini. Getini ndipo nikakumbuka kwamba hatuna kofia.

Mama ana miaka themanini na sita, nyonga mbovu, na kwa bahati mbaya masikio mazima. Habari zilimfikia kwa simu kabla sijavua koti. Akauliza kofia gani. Nikasema, ile. Akasema, "Ile ipi, Elfed?" Nikaenda kuosha vyombo.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Mama hajawahi kupanda kile kigari. Kila mwaka alisimama kando ya barabara na liki yake kifuani, lile jani la jamii ya kitunguu tunalovaa siku hiyo, akimpungia mkono mama yake Tegwen, na baadaye Tegwen mwenyewe. Mwaka huu nyonga haimruhusu kusimama. Ama apande kigari, ama abaki dirishani.

Jumanne, 25 Februari

Kutafuta kofia.

Muuza vitu vya kale wa mjini alikuwa nayo moja, halisi kabisa. Akanitajia bei. Nilidhani ananipa namba ya simu.

Duka la pili ni la mapambo ya sherehe. Kwenye kapu la bidhaa zilizobaki, chini kabisa: kofia ya mchawi, saizi ya mtu mzima. Nyeusi. Ndefu. Ukingo mpana. Ubaya wake ni ile ncha tu. Nikatoka nayo chini ya koti kama mwizi, ingawa nimelipa.

Nilikuwa nimemwacha mwanafunzi wangu kwenye gari. (Kazi yangu ni kufundisha udereva. Wanafunzi wangu hufeli kwa sababu ya watahini.) Nikakuta ameegesha vizuri, katikati ya mistari. Hajawahi kufanya hivyo nikiwemo.

Jioni nimekata ncha kwa mkasi wa bustani. Juu nimebandika kifuniko cha kopo la rangi, nikakivalisha soksi nyeusi, nikapaka dawa ya viatu kote. Nikasogea nyuma, nikakunja mikono. Ni kazi ya fundi!

Mama akapita na fimbo yake, akauliza kama bomba la jiko limeanguka.

Jumatano, 26 Februari

Kofia inang'aa mno. Kitu cha kale haking'ai. Kinahitaji miaka, na mimi nina siku moja.

Nikaitia kwenye oveni, moto mdogo. Nikakaa kusoma gazeti. Nilipofika ukurasa wa raga nikasikia harufu. Moshi! Nikafungua madirisha yote. Tegwen akatokeza kichwa juu ya ua, akauliza ninapika nini. Nikamwambia vikeki vya sikukuu, vya kikaangoni. Akasema vikeki vya mama yake havikuwa na harufu ya ndoo inayoungua.

Nikaitoa kofia kwa koleo. Ukingo umejikunja upande mmoja. Mwili umeinama kidogo, kama mtu aliyechoka na ibada ndefu. Soksi imepata madoa ya kahawia.

Imekuwa nzuri zaidi! Sasa inaonekana imepitia shida. Nimeshukuru Mungu, nikala vikeki vya dukani.

Bado kitu cha kuifungia. Huwezi kubeba kofia ya ukoo kwenye mfuko wa plastiki. Nimefungua kasha la Mama, yeye akiwa amesinzia, nikachomoa kitambaa kikubwa cha sufu kilichokuwa chini kabisa, cha rangi ya maziwa, chenye matamvua. Kizito, kimechakaa. Kinafaa. Kitarudi kabla hajajua.

Kesho kuna hatari moja ndogo, nayo ni Kiwelisi, lugha ya kwetu. Wanasema Bi Heledd hasemi kingine akiwa kazini. Baba alitaka nikue na Kiingereza ili nifanikiwe. Nikakosa vyote viwili. Kwa Kiwelisi najua kusali, kuhesabu, na kumfokea mbwa. Kwenye vikao huwa natikisa kichwa polepole, na watu hudhani natafakari.

Alhamisi, 27 Februari

Sijui nianzie wapi.

Ukumbini, mezani, familia zimepanga vitu vyao. Tegwen kaweka kofia yake juu ya mto wa mahameli. Bi Heledd ni mwembamba, ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye nywele. Akaishika kofia ya Tegwen kwa glavu, akasema maneno marefu. Tegwen akafurahi, lakini si sana.

Zamu yangu. Nikakifungua kitambaa polepole. Watu wakasogea. Bi Heledd akainua kofia ya Bibi Hannah, akaipindua, akachungulia ndani. Akabadilisha miwani. Akachungulia tena.

Kibandiko! Sikukitoa kibandiko cha duka!

Akanitazama. Nikatazama dari. Akaiweka kofia chini taratibu, mdomo juu ya meza, kama mtu anayefunika chungu. Mwanamke muungwana. Kisha akashika kile kitambaa.

Akakinyoosha. Akapitisha kidole kwenye upindo, akagusa pembe moja iliyosagika kuliko nyingine. Sauti yake ikabadilika. Akawaita wengine waje waone. Mchungaji akavua miwani akaipangusa. Nikasikia neno la shali, neno la mama, neno la mtoto. Ndipo nikaelewa nilichobeba. Ni mbeleko! Mbeleko ya kwetu, ile ambayo mwanamke hujizungushia yeye na mtoto pamoja, mkono mmoja ukabaki huru kwa kazi. Mama alinibeba humo.

Bi Heledd akanigeukia, akaniuliza swali refu kwa Kiwelisi. Lilikuwa na Jumamosi ndani yake. Ukumbi mzima ukaningoja.

Nikatikisa kichwa polepole. Nikasema ndiyo, ndiyo, bila shaka.

Watu wakapiga makofi! Tumeshinda! Mama atapanda kigari! Nusura nimkumbatie Tegwen pale mlangoni, ila akawahi kusema. Maneno yake nayaandika yote, maana bado yanalia masikioni: "Hongera, Elfed. Mwingine asingekubali kuwapa makumbusho mbeleko ya mama yake milele. Tena na hotuba juu! Kwa Kiwelisi!"

Nikamwambia nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu.

Mbeleko imebaki ukumbini, ndani ya sanduku la kioo. Nimerudi nyumbani na kofia ya mchawi.

Ijumaa, 28 Februari

Mama amegundua.

Nimemkuta ameketi kitandani, kasha wazi, nguo zote sakafuni. Nikauliza anatafuta nini, kana kwamba sijui. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alisema tu kwamba mimi nilikuwa mtoto mzito, nisiyelala mpaka nifungwe humo, na kwamba alikuwa akimenya viazi huku mimi nikimkoromea shingoni.

Hapo ndipo mtu mwema angesema ukweli. Nikamwambia nimeipeleka kwa dobi.

"Kwa dobi? Sufu ile? Elfed, wataitia kwenye maji moto!"

Hakula chakula cha mchana. Supu ya kondoo na liki, na hakuigusa.

Nikaamua kwenda kuirudisha. Ningeweza kumpigia simu Bi Heledd na kumwambia kwa Kiingereza kwamba sikuelewa swali lake. Lakini hapo mji mzima ungejua kwamba Elfed Pugh, mjumbe wa kamati, mtetezi wa urithi wetu, hajui lugha ya urithi wetu. Haiwezekani. Ni heri kuvunja na kuingia.

Dirisha la ukumbi la upande wa makaburi halifungiki vizuri. Alasiri, hakuna watu. Kichwa kilipita. Mabega yalipita. Tumbo likakataa. Nikabaki nusu kwa Bwana na nusu kwa wafu, miguu ikielea, mvua ikiniingia kwenye soksi. Mbele yangu, hatua chache tu, mbeleko ya Mama ndani ya kioo.

Mlango ukafunguliwa. Tegwen, na maua ya manjano mikono yote miwili. Nikamwambia nakagua kama dirisha linafunga. Akasema sasa limefunga kweli kweli.

Akaweka maua chini, akanivuta mikono. Ana nguvu, yule mwanamke. Nilipotua sakafuni akaniuliza kwa nini nisimwambie tu Bi Heledd nimebadili mawazo. Nikamjibu kwamba mwanamume habadili mawazo yake. Akaniuliza kama ningependa anisaidie kuandika hotuba. Nikakataa. Tegwen aniandikie hotuba? Angenisomesha matusi mbele ya watu!

Nimeiandika mwenyewe kwa Kiingereza, simu ikaitafsiri. Dakika moja tu. Ajabu ya teknolojia. Nimejizoeza mbele ya mbwa, naye ametoka nje.

Jumamosi, 1 Machi. Sikukuu

Leo naandika kwa herufi kubwa, ni kwa furaha. Nadhani ni furaha.

Asubuhi Mama alikataa kuja. Akasema hana la kujifunika. Nikamwambia dobi ataileta mbeleko hukohuko ukumbini. Alinitazama kwa jicho lile la zamani, la wakati nilipouza baiskeli ya kaka yangu. Akachukua fimbo.

Ukumbi ulijaa. Wasichana wadogo wamevaa kofia za karatasi nyeusi na shali nyekundu, wavulana wana liki vifuani, wengine wameshaanza kuzitafuna. Nikamketisha Mama mstari wa mbele. Akaona sanduku la kioo. Akaona kilichomo. Akanyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono, akakibana. Sikujua maana yake. Nikapanda jukwaani hivyohivyo.

Nikafungua karatasi. Nikasoma kwa sauti kubwa. Nilichokusudia kusema ni kwamba Bibi Hannah aliwabeba watoto wa kanisa hili kwa mbeleko hii. Nikaona mtu wa nyuma anaziba mdomo. Kisha mstari mzima. Kisha ukumbi wote ukaangua kicheko, na Mchungaji Ithel akawa mwekundu kuliko shali zote mle ndani.

Nimeelezwa baadaye nilichosema. Nilisema Bibi Hannah aliwanyonyesha wachungaji wa kanisa hili. Wote. Kwa zamu.

Nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mama amesimama.

"Kaa chini, Elfed."

Nikakaa, palepale kwenye ngazi ya jukwaa.

Akawageukia watu, akaanza kusema kwa Kiwelisi, bila karatasi. Nami nilielewa. Sijui ilikuwaje, lakini nilielewa karibu yote. Labda kwa sababu ni sauti yake.

Akasema kwanza kwamba akina Pugh hawajawahi kuwa na kofia ndefu. "Bibi Hannah hakuwa na kofia. Alichokuwa nacho ni baridi." Watu wakacheka, lakini kwa namna nyingine. Mimi nikatamani dirisha lile la jana.

Kisha akasema jambo ambalo hata mimi sikulijua. Bibi Hannah hakuwa hata Mwelisi. Alizaliwa Hereford, ng'ambo ya mpaka, kwa Waingereza, akaja Abergelyn kama msichana wa kazi, bila kujua neno moja la hapa. Siku ya kwanza mwenye nyumba alimpa mtoto anayelia, akamzungushia mbeleko hii, wote wawili pamoja, akaenda zake sokoni. Hannah akambembeleza kwa Kiingereza. Mtoto akazidi. Akamwimbia kwa Kiingereza. Mtoto akazidi! Basi akasimama dirishani akasikiliza wanawake waliokuwa wakipita na watoto wao, akaiga wanachosema. Mtoto akalala. Neno la kwanza la Hannah kwa Kiwelisi lilikuwa "lala". La pili "mwanangu".

Alipoolewa, mwenye nyumba alimpa mbeleko hii. Akambeba humo mama yake Mama. Kisha Mama. Mama akanibeba mimi.

"Kwa hiyo mkitaka kujua sisi ni Wawelisi kwa damu, sijui," Mama akasema. "Sisi tulifungwa humu, tukatulia." Akaniangalia pale kwenye ngazi. "Huyu naye lugha imempotea njiani. Si kosa lake, baba yake na mimi tulikubaliana. Lakini alikuwa akilala kwa maneno hayohayo."

Nilikuwa na kitu kwenye jicho. Maua yale ya manjano yana vumbi sana.

Bi Heledd akafungua sanduku la kioo, akaitoa mbeleko, akaja kumfunika Mama mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Halafu akanigeukia, na kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha treni, akanishukuru kwa kuwaazima mbeleko hadi leo.

Kuwaazima!

Alhamisi aliniuliza kama anaweza kuiazima hadi Jumamosi, na kama kuna mtu wa familia atakayeieleza. Basi. Hilo tu! Sikutoa kitu. Sikuuza urithi wa mtu. Kwa unafuu nikabaki nimekalia ngazi kama gunia. Nikamtafuta Tegwen kwa macho. Tegwen alikuwa akiitazama dari kwa makini sana, mabega yakimtikisika.

Nikamfuata. Nikamwambia alijua tangu Alhamisi kwamba sikuelewa swali. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kwa nini asiniambie jana, nikiwa nimenasa dirishani. Akasema alinipa nafasi ya kukiri, ila mwanamume habadili mawazo yake.

Tukatoka. Mvua, bila shaka. Farasi anaitwa Seren, mzee kama Mama, anasinzia akitembea. Tulimpandisha Mama kwenye kigari, watu watatu, naye akitukaripia sote. Kabla hatujaanza Tegwen akaja, akavua kofia yake ndefu, ile ya mto wa mahameli, akamvisha Mama kichwani. Nywele zake mwenyewe zikalowa mara moja.

Kofia ni kubwa. Ilimshukia Mama hadi puani. Tukasikia sauti yake ikitoka ndani, akisema haoni kitu, lakini kuna joto.

Akakataa kuivua. Akapita barabara nzima ya Abergelyn hivyo, kipofu, mbeleko mabegani, akipunga mkono pande zote mbili, mara nyingine kwa watu, mara nyingine kwa ukuta. Mbele ya duka la mikate waliimba. Mimi na Tegwen tulitembea nyuma ya kigari, tukikwepa alichokuwa akidondosha farasi. Nilimpa mwavuli wangu. Nusu.

Jioni Mama alikula supu bakuli mbili. Akaniambia nikimgusia kasha lake tena atanikata vidole. Kisha akaniuliza kama nimechoka. Nikasema ndiyo. Akaniambia kwa Kiwelisi neno moja. Nililijua.

Jumapili, 2 Machi

Nimelala usingizi wa mtoto. Nimeamka mtu mpya. Nimeapa: uongo basi. Urithi ni kile ulichonacho, wala si kile unachojitapa nacho. Nimemwambia Tegwen hivyo juu ya ua, asubuhi, na akasema amefurahi kusikia.

Baada ya ibada kulikuwa na chai. Mchungaji Ithel (bado hanitazami usoni) akasoma tangazo kutoka kwa Bi Heledd. Makumbusho yataandaa maonyesho ya kiangazi ya vijiko vya mapenzi, vile vya mbao ambavyo vijana wa zamani waliwachongea wasichana waliowataka, vyenye mioyo na minyororo. Anauliza kama kuna familia ya Abergelyn yenye kijiko cha zamani.

Tegwen akasema kwa sauti ya upole kwamba babu yake alichonga kimoja. Kidogo tu. Si kitu cha kujivunia.

Mkono ulioinuka ulikuwa wangu.

Nimesema cha kwetu kina miaka mia tatu. Kina mnyororo. Kina mioyo minne. Kilichongwa na baharia.

Haikuwa uongo hasa. Ni jambo ambalo halijatokea bado.

Sasa nimejifungia bandani na mwiko mkubwa wa Mama na kisu cha samaki. Mnyororo umekatika mara mbili, lakini moyo wa kwanza umeanza kufanana na moyo, ukiutazama kwa mbali, na kama hujawahi kuona moyo. Mama yuko jikoni, anauliza nani kauchukua mwiko wake.

Nimemwambia ni mbwa.